Daktari mwenye upofu wa rangi: kipi kinampita, na mgonjwa anaathirika vipi

Chukua hospitali yoyote kubwa yenye madaktari wengi wanaume, uwezekano ni mkubwa sana kwamba kadhaa kati yao wana upofu wa rangi na baadhi hawajui kabisa. Wamesoma miaka yote ile, wamefaulu, wanatibu watu kila siku, na hakuna aliyewahi kuwakalisha akawapima macho kwa upande wa rangi. Rubani anapimwa, dereva wa treni anapimwa, daktari kwenye nchi nyingi hapimwi. Na udaktari ukiutazama vizuri umejaa rangi: weupe wa kiganja, manjano ya macho, wekundu wa koo, bluu kwenye midomo, damu kwenye makohozi, vijidudu vilivyopakwa rangi chini ya hadubini. Kwa hiyo watu wanauliza, je ni hatari kutibiwa na daktari wa namna hii? Nitajaribu kulifungua hili swali polepole manake majibu ya haraka yote mawili, lile la kutisha na lile la kusema hamna shida, yanapotosha. Msimamo wangu nautoa mapema: tatizo kubwa liko kwa daktari asiyejijua, huyu anayejua hali yake mara nyingi anafanya kazi vizuri tu.

Tuanze na jicho. Nyuma ya jicho kuna utando unaitwa retina, na kwenye huo utando kuna seli za koni ambazo ndo zinashughulika na rangi. Ziko aina tatu, moja inashika zaidi mwanga wa mawimbi marefu, upande wa nyekundu, ya pili inashika mawimbi ya kati, upande wa kijani, na ya tatu mawimbi mafupi, upande wa bluu. Koni peke yake haijui rangi. Ubongo unapata rangi kwa kulinganisha, yaani unaangalia koni ya kwanza imeamshwa kiasi gani ukilinganisha na ya pili, tofauti hiyo ndo inakuwa nyekundu au kijani. Sasa fikiria una mizani mbili za kupimia kitu kilekile na unachohitaji ni tofauti kati ya majibu yao, kama mizani zote mbili zimetengenezwa sawasawa basi tofauti ni sifuri kila mara hata uweke nini juu yake. Hicho ndo kinatokea. Mtu anakosa aina moja ya koni, au anazo zote tatu ila mbili zimefanana mno, basi ile tofauti kati ya nyekundu na kijani inafifia au inapotea.

Wale ambao koni zimefanana mno bila kukosekana ndo wengi zaidi, na hasa wale wenye hitilafu kwenye koni ya kijani, kitaalamu wanaitwa wenye deuteranomalia. Wanaona rangi, ila rangi zilizofifia zinawachanganya. Waliokosa kabisa koni ya kijani wana deuteranopia, waliokosa ya nyekundu wana protanopia, na hawa wa mwisho wana jambo la ziada ambalo nitalirudia kwa sababu kwenye udaktari ni zito: nyekundu kwao inakuwa na giza, nyekundu iliyokolea inakaribia kuwa nyeusi. Kuna aina ya bluu na manjano pia, hiyo ni adimu. Wale wanaoona dunia nyeusi na nyeupe tu wapo ila ni wachache mno, kwa hiyo ukisikia daktari ana upofu wa rangi usimfikirie kama mtu anayeangalia televisheni ya zamani.

Idadi yake? Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini ni kama asilimia 8, kwa wanawake haifiki hata asilimia 1, ni nusu ya asilimia hivi. Asia ya Mashariki wanaume ni kama asilimia 4 hadi 6. Tofauti kati ya wanaume na wanawake inatokana na kwamba jeni za koni nyekundu na kijani ziko kwenye kromosomu X, mwanaume anayo moja tu, ikiharibika hana ya akiba, mwanamke anazo mbili kwa hiyo inabidi zote ziwe na hitilafu ndo aathirike. Baba mwenye hali hii hawapi watoto wake wa kiume, anawapa mabinti ambao wao wanaibeba bila kuonekana, alafu kwa wajukuu wa kiume ndo inaweza kujitokeza.

Sasa inakuaje mtu anafika miaka 25, ana digrii, na hajui kwamba haoni rangi kama wenzake? Ukiwa umezaliwa hivo huna cha kulinganishia. Toka utotoni unaambiwa majani ni kijani, damu ni nyekundu, unajifunza jina la rangi pamoja na kitu chenyewe, na unajifunza bila kujua kutumia mwangaza, mahali kitu kilipo, umbo lake, muktadha. Ukiulizwa damu ina rangi gani utajibu sahihi maisha yako yote. Hata John Dalton, yule mwanasayansi Mwingereza wa nadharia ya atomu, aligundua hali yake akiwa tayari mtu mzima kwenye miaka ya 1790, ua moja aina ya jeranium lilionekana kwake bluu mchana na usiku kwenye mshumaa likabadilika likawa karibu jekundu, akauliza wenzake wakamshangaa, kasoro ndugu yake ambaye naye alikuwa anaona vilevile. Mwaka 1794 akaandika kuhusu hilo. Dalton alidhani majimaji ya ndani ya jicho lake yana rangi ya bluu, akaagiza akifa macho yake yachunguzwe, akafa 1844, daktari wake akayapasua na kuyakuta majimaji ni maangavu, hayana bluu yoyote. Mabaki ya macho yakatunzwa, na mwaka 1995 wanasayansi wakapima DNA yake wakakuta hakuwa na jeni ya koni ya kijani. Mtu makini kiasi kile, anayefanya kazi na kemikali zinazobadilika rangi, na bado ilimchukua miaka yote hiyo kujua.

Hapo ndo penye kiini cha jambo kwa daktari. Maishani muktadha unakuokoa kwa sababu vitu vina rangi zinazotarajiwa. Kwenye uchunguzi wa mgonjwa, kinachotafutwa ni rangi ambayo haikutarajiwa. Choo kinatarajiwa kuwa kahawia, wewe unatafuta kama kuna wekundu ndani ya hiyo kahawia. Ubongo ukizoea kujazia rangi kutokana na matarajio utajazia kahawia, na hautakupa ishara yoyote kwamba kuna kitu kimekupita. Hautaona ukungu wala doa, utaona choo cha kawaida, utaandika kwenye faili kwamba choo ni cha kawaida, na utakuwa unasema ukweli wako wote.

Daktari mmoja wa familia wa Uingereza, Anthony Spalding, ambaye mwenyewe ana upofu wa rangi, alilichukulia hili kwa uzito na mwaka 1999 akachapisha kwenye British Journal of General Practice mapitio ya yale yanayowasumbua madaktari wenzake wenye hali hiyo. Orodha ilikuwa ndefu: weupe wa ngozi wa kupungukiwa damu, ubluu wa kukosa oksijeni, manjano ya ini, vipele, wekundu wa ngozi, kuangalia ndani ya sikio, kuangalia nyuma ya jicho, damu au nyongo kwenye mkojo, choo, makohozi na matapishi, vijiti vya kupimia mkojo, slaidi, yaani vile vioo vya kutazamia sampuli chini ya hadubini. Ukiisoma unaona kwamba sio eneo moja la udaktari, limesambaa kote.

Ngoja nichukue mifano michache niifungue manake ndo utaona kwamba uzito haulingani.

Damu kwanza. Kwa mwenye protanopia, damu iliyochanganyika na kitu cheusi au cha kahawia inaweza isijitofautishe kabisa. Choo cheusi kama lami kinamaanisha damu imetoka juu, tumboni au karibu na hapo, ikasagwa njiani. Damu mbichi nyekundu kwa kawaida inamaanisha imetoka chini, au imetoka juu lakini nyingi na kwa kasi, hiyo ya pili ni dharura. Daktari ambaye nyekundu iliyokolea kwake inaonekana nyeusi anaweza kuchanganya haya mawili, na hayatibiwi kwa namna moja. Bahati nzuri choo cha lami kina harufu yake na kunata kwake, na kuna kipimo cha damu iliyojificha, kwa hiyo daktari anayejijua ana njia zingine za kufika.

Mfano ambao binafsi unanigusa zaidi ni wa mtoto mchanga anayetapika. Matapishi ya maziwa ni kawaida, ila matapishi ya kijani kwa kichanga ni nyongo, na nyongo inaweza kumaanisha utumbo umejisokota, hapo masaa ni machache, mtoto anahitaji daktari wa upasuaji haraka la sivyo utumbo unakufa. Tofauti kati ya manjano na kijani cha nyongo kwenye kitambaa ni kitu ambacho mwenye upofu wa nyekundu na kijani anaweza kukikosa kabisa, hizo rangi ziko kwenye mstari uleule wa kuchanganya. Hapa neno la mama au nesi aliyeona linakuwa na thamani kuliko jicho la daktari, na daktari lazima aulize kwa uwazi, "ilikuwa rangi gani?", alafu aamini jibu.

Sikio ni tofauti, hapa kuna afadhali. Ngoma ya sikio yenye afya ni ya kijivu inayong'aa, ikipata maambukizi inakuwa nyekundu na inavimba kuja mbele. Wengi wamefundishwa kutafuta wekundu, lakini mtoto akilia tu ngoma inakuwa nyekundu. Dalili yenye nguvu zaidi ni kule kuvimba, yaani umbo. Kwa hiyo daktari asiyeona wekundu vizuri akajizoeza kutazama umbo anaweza kuwa sahihi kuliko mwenzake mwenye macho kamili anayeandika antibayotiki kwa sababu ameona wekundu. Hii inajirudia sehemu nyingi, rangi kwenye udaktari sio ushahidi mzuri kiasi tunachodhani. Weupe wa kiganja au wa ndani ya kope unakosewa hata na wenye macho mazuri, ndo maana kiwango cha damu kinapimwa. Ubluu wa midomo unachelewa kuonekana, ndo maana kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kipo. Manjano ya macho hayaonekani vizuri kwenye mwanga wa taa za njano usiku, hata uwe na macho ya tai. Na kwenye ngozi nyeusi wekundu wa vipele hauonekani kama kwenye picha za vitabu zilizopigwa ngozi nyeupe, unaonekana zambarau au kahawia au kijivu, kwa hiyo kila daktari ambaye amejifunzia picha hizo tu ana upofu wake pia, na huo hautokani na jeni.

Vipele vidogo vya damu chini ya ngozi ni jambo la kuogopa. Mtoto ana homa, ana vidoa vidogo visivyopotea ukivibonyeza, hiyo inaweza kuwa sumu ya bakteria kwenye damu. Madoa mekundu madogo yaliyofifia ni aina ya kitu ambacho upofu wa rangi unakificha vizuri sana manake tofauti ya mwangaza kati ya doa na ngozi ni ndogo. Daktari wa hali hii anapaswa kuongeza mwanga, kusogea karibu, kubonyeza kwa glasi, na kumuuliza mwingine, kila mara, bila kusubiri mashaka. Nasema bila kusubiri mashaka kwa sababu mashaka hayatakuja.

Tuje maabara, maana huku rangi ndo lugha yenyewe. Kipimo cha Gram kinagawa bakteria kwa zambarau na pinki, na mgawanyo huo unaamua dawa ya kuanzia. Slaidi ya kifua kikuu kwa njia ya Ziehl-Neelsen inaonyesha vijidudu vyekundu, na hapa kuna jambo dogo lenye faida kubwa: mandhari ya nyuma inaweza kupakwa bluu au kijani. Vijiti vyekundu vyembamba juu ya kijani kwa mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani ni mateso, juu ya bluu vinaonekana vizuri zaidi. Kuna njia nyingine ya auramini ambayo vijidudu vinang'aa manjano-kijani kwenye giza, pale kinachotafutwa ni mng'ao, rangi haina shida. Kazi ni ileile, ugonjwa ni uleule, ila uchaguzi wa rangi unaamua kama mtaalamu fulani ataweza au hataweza. Kwenye vijiti vya mkojo vilevile, kile kiboksi cha naitraiti, kemikali inayoashiria bakteria kwenye mkojo, kinatoka kwenye weupe kwenda pinki hafifu, pinki hafifu ni moja ya rangi mbaya kuliko zote kwa watu hawa, inakaa palepale na kijivu. Mashine ya kusoma vijiti inaondoa tatizo lote, haina haja ya mjadala.

Kuhusu tishu kuna utafiti uliochapishwa na jarida la kitabibu la BMJ mwaka 1997, waliwapima wanaume wataalamu wa histopatholojia, yaani wanaosoma tishu chini ya hadubini, na wa maabara Uingereza wakawapa slaidi wazisome. Wenye upungufu wa kuona rangi walikosea zaidi ya wenzao, na kadiri upungufu ulivyokuwa mkali ndivyo makosa yalivyoongezeka. Hiyo sehemu ya pili ndo ya kushika. Mwenye hitilafu ndogo na aliyekosa koni nzima wote wanaitwa jina moja, lakini kazini ni watu wawili tofauti kabisa.

Kitu kingine ambacho hakizungumzwi sana ni rangi ambazo hospitali imejiwekea yenyewe. Kanyula, vile vijibomba vya mshipani vya kupitishia dawa na maji, zina rangi kulingana na ukubwa: ya geji 16 ni kijivu, ya 18 ni kijani, ya 20 ni pinki. Kijivu, kijani na pinki, mtu akiamua kutafuta rangi tatu za kumchanganya mwenye deuteranopia angechagua hizohizo. Kwenye ajali kubwa majeruhi wanafungiwa kadi nyekundu, ya njano, ya kijani au nyeusi kuonyesha nani ahudumiwe kwanza. Skrini za baadhi ya mashine zinaandika kwa nyekundu juu ya nyeusi, maandishi ambayo kwa mwenye protanopia yanazama yasionekane. Haya yote hayatokani na mwili wa mgonjwa, binadamu ameyachagua na binadamu anaweza kuyabadilisha, namba kubwa, herufi, alama tofauti kwenye kila kadi. Sioni sababu yoyote ya msingi kwa nini mpaka leo kuna kifaa cha tiba kinachobeba taarifa muhimu kwa rangi peke yake.

Haya, kama hatari ipo, kwa nini wasizuiwe kusomea udaktari? Wapo waliofanya hivo. Japani kwa miaka mingi watu wenye upofu wa rangi walikuwa wanakataliwa kwenye vyuo vya udaktari, baadaye milango ikafunguliwa. India suala hili lilifika hadi mahakama ya juu kabisa ya nchi, wanafunzi walionyimwa nafasi jimbo la Tripura kwa sababu ya macho yao walikwenda kudai haki, na mwaka 2017 mahakama ikaamua upande wao. Wanaotaka kuzuia wanapenda kutoa mfano wa treni. Mwaka 1875 huko Lagerlunda, Sweden, treni mbili ziligongana, na Frithiof Holmgren, mtaalamu wa fiziolojia, akaamini kwamba mmoja wa wafanyakazi hakuona rangi ya taa ya ishara, akaanzisha kipimo cha nyuzi za sufu za rangi na kuanzia hapo wafanyakazi wa reli wakaanza kupimwa. Lakini linganisha hizo kazi mbili. Dereva ana taa moja, usiku, sekunde chache, na hana mtu wa kumuuliza. Daktari ana maelezo ya mgonjwa, ana mikono, ana vipimo, ana nesi pembeni, na mara nyingi ana muda. Kumfukuza mtu kwenye udaktari wote kwa sababu ya pinki na kijivu ni kupoteza akili nzuri bila faida, udaktari wa akili, wa mifupa, wa afya ya jamii, wote hao wanagusa rangi kidogo sana.

Ila kutowapima kabisa, hilo sikubaliani nalo hata kidogo. Kipimo ni cha dakika chache. Vile vibao vya madoa yenye namba ndani vilitengenezwa na Shinobu Ishihara, daktari wa jeshi la Japani, mwaka 1917, na mpaka leo ndo vinatumika dunia nzima kugundua tatizo la nyekundu na kijani. Vina mipaka yake, havikamati aina ya bluu, na vinakuambia kama tatizo lipo, havikuambii vizuri ni kali kiasi gani, kwa hilo inabidi kipimo cha Farnsworth cha kupanga vidude vidogo vya duara kwa mfuatano wa rangi au kifaa cha anomaloskopu. Na tafadhali usijipime kwenye simu ukaridhika, skrini zinatofautiana rangi na mwangaza, vibao vinatakiwa vya karatasi kwenye mwanga mzuri wa mchana. Kipimo kifanyike mwanzoni mwa masomo, siri ibaki kati ya mwanafunzi na mshauri wake, na lengo liwe kumsaidia achague njia akiwa na taarifa, isije kumtoa chuoni. Kijana ambaye ameshamaliza miaka mitano ya kubobea kwenye patholojia ndo anaambiwa ana deuteranopia, huyo amedhulumiwa na mfumo.

Akishajua anafanya nini? Anajifunza kutoiamini rangi pale anapojua inamdanganya. Anauliza maswali mengi zaidi, anagusa zaidi, anapima pale mwenzake angekadiria kwa macho, analinganisha upande mmoja wa mwili na mwingine, anafanya kazi karibu na dirisha au kwenye taa nyeupe. Akiangalia nyuma ya jicho la mgonjwa wa kisukari anaweka kichujio cha kijani, mishipa na madoa ya damu yanageuka meusi na kujitenga na mandhari ya nyuma, na hapo anaona sawa na wengine. Anamwambia nesi waziwazi, mimi nyekundu inanisumbua, nitazamie hiki. Hili la mwisho ndo gumu kuliko yote kwa sababu wengi wanaona aibu au wanaogopa kazi yao, na mahali ambapo mtu akisema anachekwa au anaandikiwa barua, hakuna atakayesema, na mgonjwa ndo atalipa.

Kuhusu miwani ya rangi inayouzwa kwa bei kubwa na video za watu wanaolia wakiivaa, inachofanya ni kuchuja baadhi ya mawimbi ya mwanga ili tofauti fulani zikolee. Baadhi ya rangi zinatengana vizuri, zingine zinazidi kuchanganyika. Haiongezi koni. Kichujio chekundu kinaweza hata kumwezesha mtu kusoma vibao vya Ishihara na bado haoni rangi kama wengine, kwa hiyo kufaulu kipimo kwa miwani hakumaanishi chochote kwa mgonjwa. Tiba ya jeni iliwahi kufanya kazi kwa kima wadogo wa Amerika ya Kusini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle walichapisha mwaka 2009, mmoja wa kima hao walimpa jina Dalton. Kwa binadamu aliyezaliwa na upofu wa nyekundu na kijani bado hamna tiba hospitalini.

Kwa mgonjwa, la kufanya ni rahisi: taja rangi kwa mdomo. Usimwonyeshe daktari kitambaa ukanyamaza ukidhani anaona unachoona. Sema "ilikuwa ya kijani", "ilikuwa na damu mbichi", "macho yake yameanza kuwa ya njano toka juzi", na kama una picha iliyopigwa mchana leta. Huna haja ya kujua kama daktari ana tatizo, maelezo hayo yanamsaidia daktari yeyote.

Na mwisho kuna kundi ambalo kwenye mjadala huu linasahaulika, madaktari waliozaliwa na macho kamili wakaja kupoteza rangi ukubwani. Mtoto wa jicho anafanya bluu ififie taratibu mpaka mwenyewe hashtuki. Kisukari, presha ya jicho, uvimbe wa mshipa wa fahamu wa jicho, vyote vinagusa rangi. Ethambutol, dawa ya kifua kikuu, inaweza kuharibu huo mshipa wa fahamu na moja ya dalili za mwanzo ni kupoteza nyekundu na kijani. Hali hizi tofauti na ile ya kuzaliwa zinaweza kuanza jicho moja au kuzidi upande mmoja, kwa hiyo zinapimwa jicho kwa jicho, na kwa kuwa mara nyingi zinaanzia kwenye bluu na manjano vibao vya Ishihara vinaweza kuzipitisha. Daktari aliyepimwa akiwa na miaka 20 akakutwa mzima anatakiwa apimwe tena, hasa akipata kisukari au akianza dawa ya aina hiyo, na kipimo kiwe cha Farnsworth, jicho la kulia peke yake, alafu la kushoto.